Mlangilangi Nyuma ya Ukuta

Bwana wangu aliponichumbia, katikati ya miaka ya tisini, aliniambia kwamba shamba la kwao lina kila kitu isipokuwa watu. Nilidhani ni mzaha. Baada ya harusi tulikaa Mabela, huku Oman, kwenye nyumba mpya ambayo rangi yake ilikuwa bado inanuka, na mtaa mzima ulikuwa mchanga, matofali na nguzo za umeme zisizokuwa na nyaya. Shamba lilikuwa mbele zaidi, kule ambako njia ya vumbi huachana na barabara ya lami na kushuka taratibu kuelekea baharini. Mama yake, mavyaa wangu, aliishi huko peke yake tangu alipofiwa na mumewe. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Wanawe walimbembeleza ahamie mjini, naye akiwajibu kila mara, "Nnangoja." Hakuna aliyemuuliza anangoja nini.

Mimi nilikuwa nikisomesha sayansi katika skuli ya wasichana. Skuli zilipofungwa kwa ajili ya joto ikaamuliwa, kama mambo ya bi harusi yanavyoamuliwa bila mwenyewe kuulizwa, kwamba nikakae na mavyaa mpaka zifunguliwe. Bwana wangu angekuja kila Alkhamisi akitoka kazini.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa mbili, ya udongo na mawe ya baharini, na pembeni mwake mnara ambao nusu yake ilishaanguka. Aliijenga babu wa babu yake bwana wangu, zama ambazo watu wa pwani hii walikwenda Unguja na kurudi kama wanaokwenda kwa jirani. Vyumba vilikuwa vingi kuliko funguo. Mavyaa alitumia viwili tu, vya chini, vinavyotazama kisima. Ukuta wa udongo ulizunguka shamba lote, mnene kiasi cha mtu kulala juu yake, na ndani yake kulikuwa na ukimya ambao sijapata kuusikia mahali pengine: si ukimya wa mahali pasipokuwa na kitu, ila wa mahali ambapo kila kitu kimenyamaza kwa sababu umeingia wewe.

Siku ile ya mwanzo mavyaa alinishika mkono akauweka juu ya paja lake.

"Mwanangu, unasomesha nini vile?"

"Sayansi, Mama. Wanyama, miti, mwili wa binadamu."

"Basi vizuri. Mimi macho yangu ndo haya, nakuona kama mtu alosimama nyuma ya pazia. Kila alasiri ukishaswali, zunguka shamba langu uje unambie kilichomo. Usinambie nlichokwisha kukijua. Mitende nnaijua."

Ndivyo nilivyoanza. Kila alasiri nilivaa viatu vya kufunika vidole, kwa kuogopa nyoka, nikashika fimbo, nikazunguka.

Upande wa baharini shamba lilikuwa linakufa. Watu walikuwa wamechimba visima vingi, wakavuta maji kwa mashine usiku na mchana, na bahari ikaja chini kwa chini kujaza nafasi. Mitende ya huko ilisimama bila vichwa, kama nguzo za nyumba iliyoungua. Lakini kadiri nilivyorudi kuelekea nyumbani, ndivyo uhai ulivyoongezeka. Hudihudi walitembea uani wakiwa wamesimamisha vishungi vyao, hawakunipisha. Kambu walikaa juu ya waya wa kuanikia nguo, hudhurungi na wa kawaida, kisha wakiruka mbawa zao zinafunguka buluu mpaka moyo unashtuka. Kwenye mkunazi nyuki wadogo, wadogo kuliko nzi, walitundika sega moja tu, lenye umbo la ulimi. Chini ya rundo la makuti nilimkuta kalunguyeye amejiviringa na miiba yake, na nilipoinama nikasikia anavyokoroma kwa hasira. Siku moja mbweha alinitazama kutoka kwenye dirisha la ghorofa ya juu. Alikuwa amekaa ndani, kama mwenye nyumba anayeangalia nani anapita.

Nilimweleza mavyaa yote hayo tukinywa kahawa na tende. Habari ya mbweha ilimfurahisha sana.

"Dirisha la tatu?"

"La tatu, Mama."

"Kile kilikuwa chumba cha bibi yake mume wako. Alikuwa hivyohivyo, hashuki."

Aliuliza maswali ambayo sikuyategemea. Vyura wanatoka wapi? Popo wanaelekea wapi jua likizama? Nilipomwambia kwamba sikuangalia, alisema, "Kesho uangalie."

Niliangalia, na nilichokiona hakikunipendeza. Kila kilichokuwa na kiu katika shamba lile kilikwenda upande mmoja. Nyuma ya nyumba, chini ya mnara, palikuwa na chumba kimeshikana na ukuta, kirefu kwenda juu, kisichokuwa na mlango wala dirisha. Nyuki wadogo walipanda ukuta wake wakatoweka upande wa pili. Popo walipoanza kutoka wakati wa magharibi waliruka juu yake, wakageuka, na wengine wakazama humo kama majivu yanayorudi jikoni. Udongo wa shamba zima ulikuwa umepasuka kwa ukame, lakini chini ya ukuta ule ulikuwa na unyevu. Palikuwa na tundu la mfereji, kubwa kama mdomo wa chungu, na vyura walikaa mlangoni mwake wakinitazama. Hapo tu, mahali pengine popote sikuuona, uliota mnanaha. Mimea minene, maua yake meupe marefu kama tarumbeta, yakifunguka jua likipungua. Nilijua kwamba ni sumu. Nilirudi nyuma.

Ndipo nikaona kwamba sehemu moja ya ukuta ilikuwa na lipu ya rangi tofauti. Ilikuwa na umbo la mlango.

Na kwenye tope, mbele ya tundu, palikuwa na alama za viganja. Vidogo mno, vidole vitano vitano, vimekanyaga kuingia ndani. Nilisimama nikaviangalia mpaka nikahisi jasho la mgongo limepoa. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nilijiambia kalunguyeye ana vidole vitano. Ilikuwa kweli, na haikunisaidia. Viganja vile vilikuwa kama vya mtoto mchanga anayetambaa.

Nilipokuwa nageuka kuondoka ndipo harufu iliponifikia. Nilikulia Unguja mpaka nikawa msichana mkubwa, sihitaji kuambiwa harufu ile ni ya nini. Ni harufu ya maharusi, ya vikuba vya maua vilivyoshonwa na shangazi, ya mto wa kitanda cha mama yangu. Mlangilangi. Katika joto lile la Oman, kwenye upepo uliotoka jangwani wenye vumbi, mlangilangi ulinukia kana kwamba mwanamke aliyevaa maua amepita nyuma yangu. Nilizunguka. Niliutafuta mti juu na chini, kwenye midimu, kwenye miembe iliyodumaa, mpaka kwenye ukuta wa nje. Hapakuwa na mlangilangi.

Jioni ile sikumweleza mavyaa. Yeye ndiye aliyeniuliza, akiwa na kikombe mkononi, bila kunigeukia.

"Umechanua?"

"Nini, Mama?"

"Si kitu. Nimimine kahawa."

Baada ya hapo nilianza kusikia. Kwanza nilidhani ni mashine ya maji ya jirani. Ilikuja wakati wa magharibi, ninapotia udhu kisimani: pumzi. Pumzi ndefu, yenye mkwaruzo, ya mtu aliyelala akiwa na kifua kibovu. Inavuta, inakatika, inavuta. Wakati mwingine zilikuwa pumzi mbili, moja inafuata nyingine. Zilitoka nyuma ya lipu ile. Na mavyaa, aliyekuwa amekaa mkekani anangoja adhana, aliinamisha kichwa upande ule kama mama anavyosikiliza kama mtoto ameshalala. Kisha akasema kwa sauti ya chini, si kwangu, "Masalkheri, mwanangu."

Alkhamisi bwana wangu alipokuja nilimvutia kando, kabla hata hajavua viatu.

"Nyuma ya nyumba kuna nini?"

"Hamamu la zamani, chumba cha kuogea."

"Kwa nini limezibwa?"

Aliangalia chini.

"Nilikuwa na dada," alisema. "Mimi sikumbuki, nilikuwa nanyonya. Walikuja naye kutoka Unguja miaka ya sabini, watu wetu walipoanza kurudi Oman. Alitumbukia kwenye birika la maji la humo. Mama akasema chumba kizibwe, baba akakiziba kwa mkono wake mwenyewe. Hatukizungumzi."

"Mama anazungumza nacho."

"Najua."

"Na kinamjibu. Nimekisikia kinapumua."

Nilidhani atanikemea. Alikaa kwenye kizingiti, kanzu yake nyeupe ya dishdasha ikigusa vumbi, akasema, "Hata mimi, nilipokuwa mdogo. Ndiyo maana nilipopata kazi tu, nikaondoka."

Kesho yake, Ijumaa, baada ya alasiri, mavyaa akiwa amejinyoosha chumbani, nilimwambia bwana wangu anishikie ngazi. Hakutaka. Nilimwambia nitapanda nayo peke yangu, na niliponyanyua ncha moja akaja akanyanyua ya pili. Ilikuwa ngazi ya miti, ya kuvunia tende. Tuliiegemeza mbali na mnanaha. Nilipanda huku nasoma aya nilizokuwa nimehifadhi, na kadiri nilivyopanda, harufu ilizidi kuwa nzito, mpaka karibu na juu nikahisi naionja ulimini.

Nilichungulia.

Paa lilikuwa limeanguka zamani. Mle ndani mlikuwa na msitu. Sina neno jingine. Kuta nne zilifunikwa kangaga laini, zikidondosha maji. Mtini mwitu ulishusha mizizi yake ukutani kama nywele za mtu aliyeoga. Na katikati, ukiwa umepinda na kupinduka kutafuta mwanga, ulisimama mlangilangi, shina lake jeupe jeupe, matawi yake yameinama, umejaa maua ya rangi ya manjano yaliyolegea kama vidole. Ncha za juu zilizothubutu kufika usawa wa ukuta zilikuwa zimeungua nyeusi. Upepo wa gharbi, ule wa jangwani, ulizikata kila mwaka kama mkasi. Chini ya hapo haukuguswa. Nyuki wadogo walijaa humo, ndege chozi walijaa humo, na sakafuni, kwenye kivuli cha kijani, vyura walikuwa wengi mpaka ardhi ilionekana inacheza.

Kisha pumzi ikaanza, chini yangu kabisa. Niliinamisha kichwa kutazama shubaka lililokuwa ukutani, lile walilokuwa wakiwekea sabuni na taa. Uso mweupe ulinitazama. Uso wa ukubwa wa uso wa mtoto, mviringo uliochongoka kidevuni, macho meusi matupu, bila kupepesa. Nilipiga kelele. Nakumbuka ngazi ilivyotikisika na sauti ya bwana wangu ikiita jina langu, mara mbili, tatu. Uso ule uliinama upande mmoja, ukavuta pumzi ile ndefu yenye mkwaruzo, na nyuma yake nyuso mbili nyingine, ndogo na zisizopendeza, zenye manyoya machache, zikavuta vilevile.

Walikuwa bundi. Bundi weupe na makinda yao.

Nilishuka nikakaa chini nikacheka, kisha kicheko kikageuka. Bwana wangu aliuliza kuna nini. Nilimwambia. Akauliza, "Tunamwambiaje?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Kwetu sisi wa Unguja bundi si ndege wa kawaida. Akilia juu ya paa watu humfukuza kwa chumvi na matusi, kwa kuwa amekuja kuchukua mtu. Na huyu hasa tulimwita babewatoto, jina tulilotishwa nalo utotoni ili tulale mapema. Mwanamke amemsalimia mwanawe kila magharibi kwa miaka ishirini. Utaingiaje chumbani kwake umwambie aliyekuwa anamwitikia ni babewatoto?

Hatukuhitaji kuingia. Alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, mkono ukutani, amejitanda kanga yake. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Kelele zangu zilimwamsha.

"Umepanda," alisema.

"Nimepanda, Mama. Nisamehe."

"Umemuona?"

Sikujua anamuulizia nani. Alisogea, akapapasa mpaka akanipata bega.

"Usiogope. Bundi, siye? Nilijua toka mwaka wa mwanzo, mwanangu. Mimi nimezaliwa shamba, sauti ya babewatoto nnaijua. Lakini mtu na bundi wana mazungumzo gani? Mtoto angalau unaweza kumsalimia." Akapumua. "Mti nao? Umeuona mti?"

"Nimeuona. Umejaa maua."

Tulimkalisha kwenye kizingiti, na ndipo mwanawe aliposikia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, habari ya dada yake kutoka kinywani mwa mama yao. Mavyaa alikuja na miche ya mlangilangi kutoka Unguja, ameitia kwenye makopo ya maziwa na kuipakata njia nzima. Watu wa hapa walimcheka. Aliipanda uani, na gharbi ya mwanzo ikaikausha yote. Yote isipokuwa mmoja, ambao binti yake aliuiba akaupeleka hamamuni, kwenye kivuli, mahali ambapo maji ya birika yalifurika na kupita kwenye ufa wa sakafu.

"Kila siku akinambia, 'Mama, mche wangu una jani jipya.' Nami nikimwambia, mwanangu, huku hakuoti kitu. Sikwenda kuutazama hata siku moja. Nlikuwa na hasira na nchi hii." Alifuta uso kwa upindo wa kanga. "Siku ile alikwenda kuutilia maji. Nikasema chumba kizibwe, nisikione tena. Basi ikapita miaka, siku moja natia udhu, magharibi kama hivi, ikanijia harufu. Wallahi nlidhani naingia wazimu. Sikumwambia mtu. Nikasema, wakisikia watanihamisha, na huu utabaki na nani?"

Nilielewa hapo kwa nini aliwajibu watoto wake kila mara, "Nnangoja."

Bwana wangu alikuwa analia waziwazi, kama wanaume wa kwetu wanavyolia msibani tu. Mavyaa alimgeukia kule alikosikia kwikwi.

"Macho yanakwisha. Nataka niushike kabla hayajakwisha. Unaweza kunifungulia?"

Bwana wangu alibomoa lipu kwa mtaimbo wa shambani, jioni ileile. Baba yake hakuwa fundi. Chini ya lipu mawe yalipangwa ovyo ovyo, baadhi yalikuwa na alama za vidole vyake kwenye udongo mkavu, naye alisimama kidogo akaweka vidole vyake juu ya alama zile kabla ya kuendelea. Jiwe la mwisho lilipoanguka, hewa ilitoka ndani kama mtu aliyebana pumzi kwa muda mrefu. Ilikuwa baridi. Vyura walitiririka miguuni mwetu. Bundi mkubwa alitokea kwenye mwanga wa jua, mweupe, bila sauti kabisa, akapita juu ya kichwa cha mavyaa kwa karibu mpaka kanga yake ilipeperuka. Hakuinama. Alisema tu, "Pita, bibi."

Tulimwingiza tukimshika huku na huku. Birika lilikuwa limejaa udongo na majani yaliyooza. Mzizi mmoja wa mlangilangi ulikuwa umelala juu yake kama mkono juu ya tumbo. Mavyaa alipapasa shina kutoka chini mpaka alipoweza kufika, akaweka shavu lake.

"Mkubwa huu," alisema. "Ana miaka mingi huyu."

Akasoma Fatiha. Bwana wangu alitia ua moja kwenye mkono wake, naye akalinusa, akalitia kifuani. Juu yetu popo walianza kuzunguka, na makinda ya bundi shubakani yalikuwa yanapumua, yanapumua, na nywele zangu zilisimama ingawa nilijua sasa ni nini.

Natamani ningesema kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mazuri. Kwa muda yalikuwa. Mavyaa alikwenda humo kila alasiri, nami nikamtajia kilichomo: kangaga za namna mbili, konokono wenye magamba membamba kama kucha, vunjajungu wa rangi ya ua, mjusi asiyekuwa na rangi kabisa ambaye ungeuona moyo wake unavyodunda. Alinifundisha kushona kikuba kwa kupapasa, mlangilangi, asumini na mrihani, na alinivalisha kimoja siku niliyorudi Mabela skuli zikifunguliwa. Wanafunzi wangu walinusa wakaniuliza mwalimu umetoka wapi.

Lakini mlango uliofunguka haukumfungukia mavyaa peke yake. Paka wa shambani waliingia. Siku moja hapakuwa na makinda, na bundi wakubwa walihamia mnarani. Joto liliporudi mwaka uliofuata, gharbi ilipata njia. Iliingia chini, pale ambapo haikuwahi kuingia, ikazunguka kuta zile nne na kutokea juu kama moshi kwenye bomba. Kangaga zilijikunja zikawa kahawia. Nilipofika likizoni mlangilangi ulikuwa unapukutisha majani mabichi, moja moja, nikisikia kila moja linavyogusa sakafu kavu.

Nilimwambia mavyaa tunaweza kuziba tena. Matofali machache, bwana wangu angefanya kwa siku moja.

"La," alisema. "Mtoto wangu nimemfungia vya kutosha."

Alikaa na ule mti mpaka ulipomaliza, kama anayekaa na mgonjwa. Harufu ya mwisho ilikuwa kali kuliko zote. Nimesoma tangu hapo kwamba baadhi ya miti huchanua sana ikikaribia kufa. Kisha siku moja magharibi aliniambia, bila mimi kumuuliza, "Nadhani sasa nnaweza kwenda."

Tulikuwa tumehamia Mawaleh wakati huo, na tulimpa chumba kinachotazama barabara. Alipenda kelele za magari ya mboga yanayokwenda sokoni alfajiri; alisema hajalala vizuri hivyo tangu Unguja. Watoto wetu wawili walizaliwa mikononi mwake. Alifariki mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mchana, katikati ya mazungumzo, akiwa anamwambia binti yangu jinsi ya kumenya embe.

Shamba lilibaki. Ndugu walikuwa hawajakubaliana juu yake, na mimi na bwana wangu tulikwenda mara moja moja kuangalia kama ukuta ungali umesimama. Mara ya mwisho ilikuwa asubuhi ya Ijumaa yenye ukungu mzito wa baharini, humwoni mtu aliye hatua chache mbele yako. Maji ya kisima yalikuwa machungu kama ya pwani. Kila kitu kilifunikwa na ukoko mweupe: mifereji, vizingiti, mashina. Nilionja kidole, chumvi. Na mahali pa bustani paliota mimea ambayo sikupata kuiona hapo, minono, mifupi, yenye majani kama shanga zilizojaa maji, mekundu kwenye ncha. Ni mimea ya ufukweni. Ilikuwa imetembea kutoka baharini, ikavuka ukuta, ikapita uani, na sasa ilikuwa inapanda ngazi za nyumba.

Bwana wangu alisimama mlangoni mwa chumba cha mama yake. "Njoo uone," aliniita, kwa sauti ya mtu anayejaribu kutoshtuka.

Sakafu yote ya chumba ilikuwa na mashimo. Kaa wa pwani, wale wenye macho yaliyosimama kwenye vijiti, walikuwa wamechimba makazi yao pale palipokuwa kitanda, na kando ya kila shimo palikuwa na kilima kidogo cha mchanga, safi, kana kwamba kimepangwa kwa mkono. Walikuwa wamekaa kimya milangoni mwao, wengi, wanatutazama. Hakuna aliyekimbia. Tulisimama hivyo, sisi upande huu wa kizingiti na wao upande ule, mpaka mmoja, mkubwa, alinyanyua gando lake jeupe polepole akalishusha. Wengine wakafanya vivyo hivyo.

"Tuondoke," bwana wangu alisema. "Kuna wenyewe humu."

Tulirudi kwenye gari tukipapasa ukuta ndani ya ule ukungu. Njiani hakuna aliyewasha redio. Tulipofika Mawaleh jua lilikuwa limeshatoka, na kwa kuwa soko lilikuwa bado wazi, tulisimama tukanunua vitunguu.